Kisima Alichokikwepa Maduhu

Siku Ikupa alipofika Mwashilugu kuchukua sampuli za maji, ndama wa nne alikuwa amezikwa asubuhi ile ile. Walimfukia mbali na zizi, kwenye shimo la kina cha mtu mzima, kwa sababu mbwa waliomla yule wa tatu hawakuonekana tena.

Ulikuwa mwezi wa tisa. Pamba ilikwisha kuvunwa, miti yake ilikwisha kuchomwa kama sheria inavyotaka, na mashamba yaliyokizunguka kitongoji yalikuwa meusi na matupu mpaka macho yanapoishia. Mwashilugu ni upande wa Lalago, karibu saa mbili kwa gari kutoka Bariadi. Ikupa alikuwa fundi wa maabara ya maji pale Bariadi, mwaka wake wa tatu kazini mkoani Simiyu. Kwao ni Tukuyu, ambako kila bonde lina kijito, na mpaka siku hiyo alikuwa hajazoea kumwona mtu akinawa mikono kwa kikombe kimoja cha maji, kisha maji yale yale akawapa kuku.

Barua iliyomleta ilikuwa fupi. Mwenyekiti wa kitongoji, Januarius, aliiandika kwa mkono: ndama wanazaliwa wamekufa, au wanatetemeka siku mbili tatu kisha wanakufa; wanawake watatu mimba zimetoka tangu Pasaka; bwana mifugo amekuja na hakuona ugonjwa anaoujua. Wananchi wanaomba maji yapimwe.

Aliyeshika ufunguo wa pampu alikuwa mama mmoja wa miaka sitini hivi, Milembe, mwenyekiti wa kamati ya maji. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akiwasubiri tangu alfajiri.

"Mwangaluka, mayu," Ikupa alisema. Salamu hiyo ya asubuhi, ya kumsalimu mama kwa Kisukuma, alifundishwa njiani na dereva wake, Marcelo, mtu mzima wa Maswa.

"Mwangaluka mhola, ng'wanawane," Milembe aliitikia, akimwita mwanangu, kisha akageukia Kiswahili. "Pampu hiyo hapo. Ina miaka kumi na mitano, haijawahi kutusumbua. Maji yake ni matamu kuliko ya kata nzima."

Ikupa alivaa glavu, akapanga chupa zake za kioo cha kahawia juu ya turubai, akaanza kazi. Kazi yenyewe huwaudhi watu wa nchi yenye ukame, na yeye alilijua hilo. Maji yaliyolala ndani ya bomba hayafai kupimwa. Lazima upampu mpaka yaje yale yanayotoka kwenye mwamba wenyewe, na kipimio cha mkononi kionyeshe namba ile ile mara tatu mfululizo. Kwa robo saa nzima Marcelo alipampu, maji yakamwagika chini, na wanawake waliokuwa wamepanga foleni wakayatazama yakipotelea kwenye vumbi. Mmoja wao, mke wa kijana wa Milembe, akasogeza ndoo yake chini ya mdomo wa bomba bila kuomba ruhusa. Aliitwa Felisita. Ikupa alitaka kumwambia asubiri. Hakujua angemwambia asubiri nini, akarudi kwenye chupa zake.

Alijaza chupa ya kwanza mpaka shingoni, pasibaki hata kipovu cha hewa. Alikuwa anaandika lebo, ameinamisha kichwa, baiskeli ilipopita nyuma yake ikilia mnyororo. Mzee mmoja mrefu alikuwa anaisukuma, imebeba madumu manne ya maji, akitokea upande wa barabara kuu. Alisalimia kwa kuinua kofia. Kisha akaiegesha baiskeli kwenye nyumba iliyokuwa karibu na pampu kuliko nyumba zote, hatua thelathini tu, akaanza kushusha madumu yake.

"Yule mzee," Ikupa aliuliza, kalamu bado mkononi, kama mtu anavyouliza habari za mvua, "mbona anachota mbali, na kisima kiko mlangoni kwake?"

Mkono wa pampu ulisimama. Wanawake waligeuka wote wakaitazama nyumba ile kana kwamba imejengwa jana.

"Ni Maduhu," Milembe alisema polepole. "Alikuwa mtunza ghala, enzi za ile kampuni ya pamba iliyokufa. Ghala lenyewe ndilo lile gofu unaloliona. Kisima cha barabarani anakochota ni kilomita tatu kwenda na tatu kurudi. Tangu pampu hii iwekwe, hajawahi kuyaonja maji yake. Tulidhani ni majivuno."

"Hajawahi hata siku moja," alisema Felisita.

Ikupa aliandika jambo hilo kwenye daftari lake la kazi. Kwake lilikuwa taarifa, na taarifa huandikwa. Hakuitazama mikono ya Felisita, namna ilivyoushika ukingo wa ndoo.

Alipomaliza, alikwenda peke yake nyumbani kwa Maduhu. Mzee alimkaribisha kwa adabu ya watu wa zamani, akampa kigoda kwenye kivuli cha ukuta, akamletea maji kwenye bilauri safi. Ikupa alikuwa na kiu, na kukataa maji ya mwenyeji ni kumtukana. Akanywa.

"Mzee wangu, naomba nikuulize. Ya pale huyanywi kwa nini?"

"Tumbo langu haliyapendi."

"Lilijuaje, kama hujayaonja?"

Maduhu hakukasirika. "Wachimbaji walipokuja na mashine yao, niliwaambia wakachimbe kule juu, penye mawe. Wakaniuliza kwa nini. Nikasema ya hapa machungu. Wakacheka. Walisema mashine yao inaona chini kuliko mimi." Alikinyanyua kidevu kuelekea turubai. "Hizo chupa zinakwenda wapi?"

"Mwanza kwanza, halafu Dar es Salaam."

"Na zinaonyesha kila kitu kilichomo?"

"Zinaonyesha kile tunachokitafuta, mzee. Ndiyo maana mtu akitudokeza tutafute nini, kazi inakuwa nyepesi."

Ilionekana kama mzee atasema. Midomo yake ilifunguka. Kisha akainuka, akachukua bilauri mkononi mwa mgeni wake, akasema, "Basi na zitafute."

Njiani kurudi, Ikupa alimwomba Marcelo wasimame kwenye kisima cha barabarani, kile anakochota Maduhu. Alitaka chupa mbili za pale ili alinganishe maji yanayoshukiwa na maji mazuri. Pampu ile ilikuwa karibu na shimo kubwa la zamani, palipochimbwa kifusi cha kujengea barabara, sasa limeota miiba. Wakati Ikupa anafunga kisanduku cha barafu, Marcelo aliegemea mlango wa gari.

"Dada Ikupa, lile swali lako la pale kisimani."

"Lina nini?"

"Ungeniuliza mimi, ningekujibu ndani ya gari. Umeliuliza mbele ya watu waliozika ndama asubuhi." Alifuta jasho kwa kiganja. "Huku kwetu mzee akitajwa hivyo, anaishi karibu na kisima, hanywi, na wenzake wanafiwa, watu hawatafuti tena sababu nyingine."

Ikupa alitaka warudi. "Turudi tukaseme nini?" Marcelo aliuliza, akawasha gari, wakaendelea na safari.

Mkuu wa maabara alikuwa Rogasian, mtu wa Rombo, mtaratibu, asiyependa kelele. Alizisoma fomu zote kwanza, nani alishika chupa ipi na saa ngapi, ndipo akainua macho.

"Tuwaambie wasiyanywe mpaka majibu yarudi," Ikupa alisema.

"Wanywe yapi?"

"Ya barabarani."

"Kaya tisini kwenye pampu moja iliyo kilomita tatu? Nusu yao wataishia kwenye lambo la ng'ombe, na wiki ijayo tutakuwa tunahesabu wagonjwa wa kipindupindu. Na kama maji ni mazima, tutakuwa tumewaua kwa mdomo wetu. Hatusemi kitu bila namba, Ikupa."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomkosesha Ikupa amani. Chupa zikapanda basi la Mwanza. Kukawa na siku kumi na sita za kungoja.

Katika siku hizo Milembe alipiga simu mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa habari ya ndama wa tano. Mara ya pili alisema Felisita amelazwa, mimba ya miezi mitano imetoka, ya pili mwaka huu, na sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma tangazo. Ikupa alimsikiliza akiwa amesimama kwenye korido ya ofisi, akikumbuka ile ndoo iliyosogezwa chini ya bomba bila kuomba ruhusa. Alisema pole. Alilisema neno hilo mara nyingi mpaka likaishiwa maana.

Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi.

"Wamemtenga," alisema Milembe. "Hasalimiwi wala hapewi moto. Jana vijana wamemkatia mnyororo wa baiskeli, wakamwambia kama ni mtu mwema anywe maji ya pampu mbele yao. Akakataa. Alikataa huku analia, ng'wanawane, na bado akakataa. Jumamosi asubuhi kuna mkutano kwenye gofu la ghala. Januarius anasema ni mkutano wa kuongea tu. Mimi nimeona fimbo zinavyochongwa."

"Wewe unasemaje, mayu?"

"Mimi mkwe wangu yuko kitandani," Milembe alisema. "Usiniulize nasemaje."

Majibu yalifika Ijumaa saa sita mchana. Rogasian aliyafungua kwenye kompyuta yake, akayasoma, akavua miwani, akayasoma tena. Kisha akaizungusha kompyuta ili Ikupa aone. Ilikuwa dawa ya kupulizia pamba, ya aina ya zamani, iliyopigwa marufuku miaka mingi. Kwenye pampu ya Mwashilugu ilikuwa imezidi kiwango mara nyingi kiasi kwamba aliyepima aliandika pembeni kuwa amerudia kipimo kuhakikisha. Ikupa aliteremsha macho hadi mstari wa chini, mstari wa maji mazuri ya kulinganishia.

Kisima cha barabarani nacho kilikuwa nayo. Ilikuwa pungufu ya ile ya pampu, lakini bado juu ya kiwango.

Alikaa. Alikumbuka ile bilauri safi, na jinsi maji yake yalivyokuwa matamu.

"Barua ya wilayani naiandika sasa hivi," Rogasian alisema. "Kesho nenda na gari, kachukue sampuli za marudio, na waambie wafunge pampu zote mbili. Boza la maji nitalipigania mimi." Alisita. "Na huyo mzee?"

"Mkutano ni saa tatu."

"Basi muwe mmefika kabla ya saa tatu."

Hawakufika kabla. Lori la marobota ya pamba lilikuwa limelala katikati ya barabara karibu na Maswa, na walipoingia Mwashilugu jua lilikwisha kupanda. Uwanja wa mbele ya gofu la ghala ulijaa. Wanaume walisimama duara, fimbo chini, na kilichomtisha Ikupa ni kwamba hapakuwa na kelele. Maduhu alikuwa amekaa chini katikati, kofia yake mapajani. Mbele yake palikuwa na ndoo ya maji ya pampu na kikombe.

Januarius, mwenye koti licha ya joto, aliliona gari la serikali na uso wake ukaonyesha nafuu asiyoweza kuificha. "Mtaalamu amekuja," alitangaza. "Tumsikilize."

Ikupa alipenya duara. Akasimama karibu na mzee.

"Kwanza, lile swali ni langu," alisema. "Siku ile kisimani niliuliza kwa nini mzee huyu hachoti hapa. Niliuliza vibaya, mahali pabaya. Kama kuna mtu aliyeyaleta haya, mimi nimo. La pili, majibu yamerudi. Maji ya pampu yana dawa ya pamba. Ndiyo iliyoua ndama. Haikutiwa na mtu jana wala juzi, wala si uchawi. Inatoka chini ya ardhi, na imekuwa inatoka kwa miaka."

Mnung'uniko ulipita kama upepo kwenye majani makavu. Januarius aliinua mkono. "Kwa hiyo tukachote barabarani?"

Ikupa alimtazama Maduhu kabla ya kujibu. "Hapana. Kisima cha barabarani nacho kina dawa ile ile. Ni pungufu, lakini ipo."

Mzee aliinua kichwa. "Rudia."

"Kisima unachochota wewe, mzee. Nacho kina."

"Haiwezekani." Maduhu alikuwa amesimama bila watu kuona alivyosimama, kofia imeanguka. "Haiwezekani, binti. Yale mapipa mengine waliyapeleka mjini kuchomwa."

Yalipokwisha kumtoka ndipo naye alipoyasikia. Aliuweka mkono mdomoni, lakini maneno yalikwisha kufika kwa kila mtu.

Hakuna aliyemlazimisha kusema yaliyobaki. Alisema mwenyewe, amesimama, akiitazama ile ndoo. Kampuni ilipokuwa inafunga, ghalani kulikuwa na mapipa ya dawa iliyokwisha muda, mengine yamepasuka na kuvuja sakafuni. Meneja alimwita, akamwambia yafukiwe nyuma ya ghala upesi kabla wakaguzi hawajaja. Alichimba na vibarua wawili, wote sasa ni marehemu. Walifukia ishirini na nane. Yaliyobaki yakaja kuchukuliwa na lori, naye akaambiwa yanakwenda kuchomwa kwenye tanuru mjini. Alitakiwa atie saini kwenye karatasi kwamba ameyakabidhi yote, akaambiwa siku akifungua mdomo, saini yake ndiyo itakayokwenda jela.

"Nilijua ya hapa," alisema. "Ya kule sikujua. Nilikuwa nakunywa kule nikidhani nimejiokoa."

Felisita alikuwepo. Ametoka hospitali juzi, amejifunga khanga mbili kiunoni, na Milembe amemshika kiwiko. Alisogea mbele mpaka akasimama umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwa mzee.

"Babu," alisema. Sauti haikupanda. "Tulipokuwa tunachota asubuhi, ulikuwa unatuona?"

"Nilikuwa nawaona."

"Kila siku?"

"Mlango wangu unatazama huko, mjukuu wangu. Kila siku."

Mwanamume mmoja aliinua fimbo. Ikupa aliona kivuli chake kikipita ardhini, akafumba macho, na alipofumbua Milembe alikuwa amekwisha kumwacha mkwe wake na kusimama kati ya fimbo na mzee, mikono imening'inia, kama mtu aliyechoka tu kusimama mahali pengine.

"Akifa huyu," Milembe alisema, "nani atatuonyesha mapipa yalipo? Wewe unajua? Basi shusha hiyo."

Maduhu aliwapeleka nyuma ya gofu. Alihesabu hatua kutoka kona ya ukuta kama mtu aliyezihesabu usingizini miaka yote hiyo, akasimama penye udongo usioota hata mbigiri. Ikupa aliwarudisha watu nyuma, akavaa barakoa, akaizungusha kekee yake ya kutobolea udongo taratibu. Haikushuka hata urefu wa mkono. Harufu ilipanda ghafla, tamu na kali, na wakulima wote waliosimama pale waliitambua, kwa sababu walikua nayo. Ilikuwa harufu ya baba zao wakirudi kutoka shambani na pampu za mgongoni. Kina mama walijifunika pua. Januarius alivua koti lake, akakaa chini juu ya tofali, akabaki hivyo.

Mchana ule ule walimpandisha mzee kwenye gari wakaenda barabarani. Lile shimo la kifusi lenye miiba lilikuwa hatua mia mbili kutoka pampuni. Marcelo alikata miiba kwa panga, akashuka, na hakukaa sana. Alipanda akiwa ameshika kipande cha bati la pipa kwa ncha ya fimbo, kimeliwa na kutu, na juu yake bado palionekana nusu ya fuvu jeusi la onyo.

"Hawakufika hata mjini," alisema. "Wamemwaga hapa hapa."

Ikupa alikuwa anajaza chupa ya mwisho. Ndipo alipouliza, na safari hii aliuliza kwa sauti ya chini, wakiwa watatu tu.

"Mzee, hilo lori lilikuja mara ngapi?"

Maduhu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari. Vidole vyake vilicheza juu ya goti, navyo havikuacha kucheza hata alipovishika kwa mkono wa pili.

"Mara nne," alisema. "Lilikuwa linajaa, linaondoka, linarudi baada ya saa mbili. Siku moja tu. Mara nne."

Shimo lile la kifusi lingeweza kubeba mzigo mmoja, labda na nusu.

Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda mambo ya serikali, mengine upesi, mengine polepole. Mikono ya pampu zote mbili iling'olewa. Boza lilikuja Jumanne na Ijumaa, na wiki moja halikuja kabisa. Mashimo mawili yalizungushiwa seng'enge, watu wa mazingira wakaja wamevaa nguo nyeupe, wakapiga picha, wakasema uchimbaji utahitaji wataalamu na vibali. Felisita alirudi kwao Shinyanga kwa muda, na mumewe akamfuata. Maduhu hakulala tena Mwashilugu. Marcelo alimshusha Somanda, mjini Bariadi, kwa binti yake Anna anayeuza nguo karibu na hospitali, na siku ya nne nyumba yake ikateketea. Januarius alitoa taarifa polisi kwamba hakuna aliyeona.

Polisi walimhoji mzee mara mbili. Meneja alikwisha kufa, kampuni haina ofisi wala jina, na karatasi yenye saini haikupatikana. Daktari aliyempima alisema kutetemeka kwake hakutapungua. Anna alimsihi apumzike. Yeye aliomba kitu kimoja, apakiwe kwenye gari la maabara kila linapotoka upande ule.

Hivyo mwezi wa kumi na moja ukamkuta Ikupa barabarani na mzee yule, wiki baada ya wiki, wakizunguka umbali ambao lori lingeweza kwenda na kurudi kwa saa mbili. Ni nchi kubwa. Maduhu hukaa mbele, dirisha wazi, akitazama kila korongo na kila lambo kavu. "Simama hapa," husema, nao husimama. Dereva wa lori alikuwa anarudi na matope mekundu kwenye magurudumu, mzee alikumbuka siku moja, na kwa wiki mbili walitafuta udongo mwekundu. Safari nyingine alisema huenda yalikuwa meupe.

Mvua za vuli zilichelewa, na Rogasian alizihofia kuliko ukame. Zikianza kunyesha, alisema, zitakisukuma chini kila kilichobaki juu.

Alhamisi moja walifika kwenye kitongoji ambacho Ikupa hakuwahi kukikanyaga, mbali kupita Lalago. Hapakuwa na ndama waliokufa wala barua yoyote. Palikuwa na pampu nzuri iliyopakwa rangi ya bluu, na wanawake kama ishirini na ndoo zao. Maduhu alishuka, akatazama bonde, akatazama kilima, akatikisa kichwa. "Sijui," alisema. "Sijui, binti yangu. Panafanana na kila mahali."

Ikupa alivaa glavu. Marcelo akapampu robo saa. Maji yalitoka maangavu na baridi, yakamwagika chini, na wanawake wakayatazama. Alipokuwa anabandika lebo kwenye chupa ya pili, mmoja wao, msichana mwenye tumbo kubwa, akamsogelea.

"Dada, maji yetu yana shida?"

Ikupa alijua anachotakiwa kujibu. Rogasian alikuwa amemkumbusha asubuhi ile ile kwamba hawasemi kitu bila namba, wala hakuwa na ubaya. Aliifunga chupa, akaivua glavu ya mkono wa kulia, akasimama.

"Sijui," alisema. "Majibu ni wiki mbili mpaka tatu. Lakini kuna dawa ya sumu ilimwagwa mahali fulani upande huu miaka mingi nyuma, na hatujui ni wapi. Inaweza kuwa mbali na hapa. Inaweza kuwa karibu. Mimi ningekuwa na mimba kama wewe, nisingeyanywa mpaka majibu yaje."

"Ninywe yapi sasa?"

"Hilo siwezi kukujibu," Ikupa alisema. "Nitakwenda kuwaombea boza kesho. Sina uhakika kama litakuja."

Walimsikiliza hadi mwisho, bila kelele. Msichana yule aliinamisha ndoo yake, akayamwaga yote miguuni pake, akabaki ameishika tupu. Wengine walimtazama yeye, wakatazama mbingu isiyokuwa na wingu, wakatazamana. Halafu mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akaushika mkono wa pampu, akaanza kupampu.